Mchwa Hawakati kwa Mstari

Mpendwa mjomba,

Juma lililopita walikuweka ndani ya kabati la kioo mjini Shinyanga, kwenye ukumbi uliofagiliwa vizuri, na kando yako wakaweka kikaratasi kilichopigwa chapa. Nilikisoma mara tatu. Kinasema: "Daftari la Kabula, mwanamke wa kwanza kuandika habari za machimbo ya Segese." Watu walipita, wakainama, wakasoma, wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama yangu alikuwa amevaa kitenge kipya. Alisimama pale akipokea pongezi za mdogo wake, nami nilikuwa nyuma yake nimemshikia mkoba.

Nilitaka kupasua kile kioo. Sikukipasua. Nilikunywa soda niliyopewa, nikasema asante.

Kwangu hukuwahi kuwa Kabula. Jina hilo nililijua, kama ukoo mzima ulivyolijua, lakini lilikuwa jina la msichana aliyeondoka Kharumwa kwenda machimboni kabla sijapata akili. Aliyerudi alikuwa Masalu. Pale Masumbwe, ulikojalidi vitabu, watu wazima walikuamkia "shikamoo mzee Masalu", nawe uliitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye sindano. Nilikuita mjomba kwa sababu ndivyo ulivyokuwa, mdogo wa kiume wa mama yangu. Hakuna aliyenifundisha.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na usidhani yote ni ya wengine. Fungu lako lipo.

Unakumbuka siku niliyokuja? Ulikuwa mwaka ule vyama vingi viliporuhusiwa, mji mzima unabishana bendera, na mimi nashuka kwenye lori la mpunga kutoka Ushirombo na furushi moja. Nilikuwa nimemkimbia mume. Hakuwa mlevi, hakunipiga, wazazi wake walinipenda. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba moyo wangu ulikuwa kwa dada mmoja wa kwaya ya parokia, na neno hilo sikujua pa kuliweka. Nilijiandaa njia nzima namna ya kukudanganya. Hukunipa nafasi. Ulinisogezea kigoda, ukanipa sindano ya magunia na uzi uliopakwa nta, ukasema, "Mimi sikuulizi, na wewe usiniulize. Shona."

Nilidhani ni ukarimu mkubwa kuliko wote duniani. Miaka mitano tuliishi kwa maneno hayo. Yule dada wa kwaya alipokuja Masumbwe kuleta vitabu vya nyimbo vilivyochanika, ulimtazama, ukanitazama, ukasema unakwenda kununua chumvi. Ulirudi jua likizama. Chumvi tulikuwa nayo ya mwezi mzima. Uliiweka mezani, ukauliza kama chai imebaki, na tangu siku hiyo kila walipotaja kuja kwa kwaya, chumvi yetu ilikwisha.

Kazi ulinifundisha vizuri, hilo silikatai. Gundi ya unga wa muhogo, mrututu kidogo ndani yake ili mende wasile. Karatasi za mifuko ya saruji za kutilia nguvu jalada. Mbao mbili na bolti nne za kubania. Watu walituletea misale, Biblia, misahafu, vyeti vya ubatizo vilivyoliwa na panya. Wewe hukuanza kwa kusoma. Ulikigeuza kitabu, ukakinusa, ukapitisha kidole kwenye kingo. Ulisema kitabu kina mwili, na mwili haujui kudanganya. Misale ya mama mmoja mjane ilikuwa nyeusi kwa vidole kwenye sala za wafu, na kurasa za misa ya ndoa zilikuwa bado zimegandana tangu kiwandani. Ulinionyesha, ukacheka kidogo, ukasema huyo mama ukimwonea huruma atakushangaa.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mzee Rahim, yule Mhindi wa duka la vitambaa. Alileta daftari la bibi yake, limeandikwa kwa Kigujarati. Wewe hukujua hata herufi moja ya maandishi yale. Ulilifumua taratibu, ukalitazama nusu siku, ukamwambia limeandikwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyefundishwa tangu utotoni. Wa pili ulikuwa wa mtu mzima aliyejifunza kutoka kwa wa kwanza, kwa sababu alipinda herufi zilezile mahali palepale. Ukamwonyesha kwamba mkono wa kwanza ulipokoma, wa pili uliendelea hadi mwisho, na kwamba aliyeshona karatasi zile mara ya mwisho alitumia nyuzi za hariri zilizochomolewa kwenye sari. Mtu hafanyi hivyo kwa kitabu cha mtu baki.

Mzee Rahim alikaa. Alisema kulikuwa na mama mmoja aliyeishi na bibi yake baada ya bibi kufiwa na mume, wakala sahani moja, wakalala chumba kimoja, miaka na miaka. "Sisi tuliambiwa ni mtumishi," alisema.

Ulimuuliza anataka jalada la rangi gani. Lakini mimi nilikuona ukishika kisu, ukakirudisha mezani bila kukata, na nilielewa kwamba hukuwa unamsomea mzee Rahim peke yake. Hapo ndipo ningekuuliza. Ningesema, mjomba, na kitabu chako je, unataka tukifanyeje? Sikuuliza. Tulikuwa na ahadi yetu.

Kwa maana kitabu chako nilikijua. Ile kaunta buku kubwa uliyoiweka chini ya godoro, iliyokwisha rangi, ambayo uliniambia niisome ukishakufa. Niliisoma ukiwa hai, mjomba. Nisamehe au usinisamehe. Uliposafiri Kahama kufuata karatasi, niliifungua, nikasoma siku mbili sikupika.

Nilisoma jinsi ulivyofika Segese wakati wachimbaji wanaamini mwanamke akilisogelea duara, lile shimo la kuchimbia, dhahabu inahama. Akina mama waliruhusiwa kuuza chakula na kutwanga mawe mbali huko, shimoni hawakanyagi. Wewe ulishuka shimoni miaka mitatu, ukatoa mawe kama wenzako, na dhahabu haikuhama. Uliandika hivyo kwa kiburi, na nilicheka peke yangu. Uliandika nani alilala kibanda kimoja na nani, wanaume kwa wanaume pia, bila kumsema mtu vibaya, kama unavyoandika nani alikuwa fundi wa mbao za kuzuia udongo. Uliandika kwamba siku ya kwanza walipokuita kaka Masalu, ulikwenda nyuma ya kichuguu ukalia, na si kwa huzuni.

Na chini ya kila karatasi ulitia saini. "Masalu." Ulieleza sababu kwenye ukurasa wa pili: kambini watu walichana madaftari ya wenzao kusokotea tumbaku, na ulitaka karatasi yako ikionekana mdomoni kwa mtu ijulikane ni ya nani. Sababu nzuri. Lakini ulitoka Segese, ukaja Masumbwe, ukakaa peke yako chumbani na daftari ambalo hakuna mtu wa kuliiba, na bado uliendelea kutia saini. Karatasi karibu mia mbili. Mkono wa mwanzo ni wa kijana mwenye haraka, wa mwisho ni wa mzee anayetetemeka, na jina ni lilelile.

Kifua kilikuua, lile vumbi la mwamba. Ulikataa kwenda hospitali, nami nilijua kwa nini, na kwa mara nyingine sikusema. Nilikupikia uji, nikakuegemeza kwenye mito, nikakuangalia ukikata roho kwa sababu ya shati ambalo hukutaka mganga alivue. Ningekuwa na mdomo, ningekwenda kumtafuta yule mganga mzee wa zahanati tuliyemjalidia Biblia, nikamwambia aje nyumbani na afunge kinywa chake. Hilo nililiwaza ukiwa tayari umefunikwa shuka.

Mama alikuja na ndugu wakakupeleka Kharumwa. Sitaki uamini kwamba mama alikuwa mtu mbaya kwako, hilo lingekuwa rahisi sana. Unajua kila mavuno alikuletea michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, akakaa kwenye mkeka mkacheka mpaka majirani wakashangaa. Miaka yote alikuita "mdogo wangu" na neno hilo likamtosha. Walipokuja akina mama wa ukoo kukuosha, aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akakuosha mwenyewe, ili mtu yeyote asikuone. Nilisikia maji yakimwagika na yeye akiongea na wewe kwa Kisukuma, polepole. Nilifikiri, sasa atakulinda.

Akatoka, akajifuta mikono kwenye khanga, akamwambia katekista, "Andika Kabula."

Walikuvika gauni. Lilikuwa la buluu, na kola. Sikuwahi kukuona umechukizwa na kitu kiasi ambacho ungechukizwa na kola ile.

Baada ya arobaini mama alitaka daftari lichomwe. Alikuwa amesoma kurasa chache akazima taa ya moyo wake hapo hapo. Nilimpigia magoti. Nilimwambia mjomba aliandika vizuri, wajukuu watapata fahari. Tulivutana siku mbili, mwisho akakubali kwa sharti moja, kwamba litakuwa daftari la Kabula binti wa baba yake. Wajukuu wasome habari za Segese, wajue ukoo ulikuwa na mtu wa kalamu, lakini saini zile ziondoke. Ndani ya maandishi wachimbaji wanapokuita Masalu, alisema, paache, watu wataelewa ulikuwa unajificha ili upate kazi.

Nikakubali, mjomba. Niliona kitabu kimoja upande huu na kiberiti upande ule, nikachagua kitabu. Nilijiambia jina litarudi baadaye. Kila mtu anayekata kitu cha mwenzake hujiambia hivyo.

Nilikifumua kitabu chako kwenye meza yako. Nilikibana kwenye mbao zako, nikanoa kisu chako, nikakata chini, upana wa kidole kimoja, karatasi zote. Wewe ulinifundisha fundi asikate asichokisoma. Mimi nilikuwa nimesoma. Ukurasa wa kwanza, ulioandikwa "Kitabu cha Masalu", niliutoa, nikaweka karatasi mpya, nikaandika Kabula kwa mkono wangu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo. Halafu nikashona upya, nikapaka gundi, nikavisha jalada, nikampelekea mama. Alinishukuru, "wabeja, mwanangu," akakiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Kilikaa humo mpaka mwaka wa mvua za elinino. Barabara zilikatika kila upande, ndipo akaja mtafiti mmoja kutoka chuo, bwana mwenye adabu, matope mpaka magotini, anatafuta maandishi ya zamani majumbani kwa watu. Mama alimpa kitabu kwa mikono miwili. Bwana yule alivaa glovu nyeupe. Alisoma jioni nzima, akasema kwa furaha kwamba hajapata kuona mwanamke aliyeandika hivi. Alimweleza mama kwamba Kabula alikuwa shujaa, alivaa suruali ili kuwashinda wanaume kwa akili. Mama alilia. Kila mtu alipata kitu kutoka kwako jioni ile. Mtafiti alipata mwanamke wake wa kwanza, mama alipata dada, na chuo kitapata kitabu.

Halafu akakigeuza. Alijua kazi kidogo, maskini. Alipitisha kidole chini ya kurasa akaona maandishi yamekaribia mno ukingo, akaona mikia midogo ya wino iliyobaki hapa na pale, akaniuliza mimi, fundi, kwa nini chini hakuna nafasi.

Mama alikuwa ananitazama. Sekunde ile ilikuwa yangu, mjomba. Hakuna aliyenishika koo, hakuna kiberiti tena. Neno moja lingetosha.

"Mchwa," nikamwambia. "Chini kililiwa na mchwa, nikasawazisha."

Akaandika. Mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu aliandika kwenye daftari lake kwamba ni mchwa. Wewe ungenicheka. Ungenyanyua kitabu ukaniuliza tangu lini mchwa akala karatasi mia mbili kwa mstari ulionyooka kiasi kile, akaacha maandishi yote ya juu yake. Mtoto wa wiki moja kwenye kazi yetu angejua kwamba pale palipita kisu. Tulimsomea mzee Rahim siri ya bibi yake kwa uzi wa sari, na cha kwako nikakifunga kwa uongo ambao hata haukuwa uongo mzuri.

Huko chuoni sasa wanakieleza. Nimeonyeshwa karatasi waliyoandika. Wanasema "Masalu" ni jina la kujifichia. Nimekaa na maneno hayo nikayatafuna. Mtu anayejificha huweka jina la kujifichia mahali wanapomtafuta. Hakai peke yake Masumbwe, miaka mingi baada ya kutoka shimoni, mlango umefungwa, anaandika daftari asilomwonyesha mtu, kisha akatia saini ya uongo chini ya kila karatasi. Anamficha nani, godoro? Saini zile ndizo zilizokuwa zikisema bila kuulizwa kwamba hukujificha. Mtafiti angeziona angeelewa, si mjinga. Hakuziona kwa sababu mimi nilizikata. Wao wamekosea kwa kutojua. Mimi ndiye niliyejua.

Na wewe, mjomba, nakulaumu. Ulikuwa na macho ya kusoma kila mwili wa kitabu kilichopita mlangoni, lakini miaka mitano hukuniambia mara moja, kwa mdomo wako, "Hili ndilo jina langu, na likiguswa nitaumia." Ungesema, ningekuwa na kitu cha kumjibia mama. Najua kwa nini hukusema. Kimya kilikulisha, kilikuvisha, kilikuwezesha kuzeeka Masumbwe ukiamkiwa shikamoo. Mimi pia kilinilisha. Dada wa kwaya aliolewa Runzewe, ana watoto wanne, na sikuwahi kumwambia neno lolote ambalo angeweza kunikumbuka kwalo. Ulinirithisha kazi na ukanirithisha kimya, na hicho cha pili sikukuomba.

Tulipotoka kwenye maonyesho, tukiwa stendi tunasubiri basi, nilimwambia mama kwamba nitasema. Hakukasirika. "Mimi nimeshamzika," alisema. "Usinifukulie. Nikifa ndipo useme."

Nilikuwa na wiki nzima ya kumtii, nikashindwa. Nilianza kumwandikia mtafiti barua, nikaichana. Nikaanza nyingine. Kila mara niliandika "mama mdogo wangu", kwa heshima ya mama, na kila mara mkono ulikataa kuendelea. Sina mama mdogo wa jina hilo. Nikimpa yeye mama mdogo, mimi mwenyewe nageuka mtu nisiyemjua.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Vile vipande nilivyokata sikuvichoma. Fundi hatupi karatasi nzuri, unajua. Mgongo wa kitabu ukishashonwa unahitaji karatasi za kuutia nguvu chini ya kitambaa, nami siku ile nilikuwa na mifuko ya saruji tele. Sikuitumia. Nilipaka gundi vipande vyako, kimoja juu ya kingine, nikavibandika vyote mgongoni, nikafunika kwa kitenge. Usiniite jasiri. Jasiri angeviacha vilipokuwa. Lakini havikutoka kitabuni, hata siku moja.

Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, na wenye kitabu nao waisome. Mama ataisoma pia, au atasomewa, na najua hatanipikia tena. Wachukue maji ya vuguvugu na kitambaa, walowanishe mgongo, wasubiri muhogo ulainike. Wavue kitenge taratibu. Jalada litaharibika, na mishono yangu itakatika mingi, kwa sababu nilishona kwa nguvu zangu zote. Wasisikitike. Chini yake watakuta vipande karibu mia mbili, na kwenye kila kipande jina moja kwa mkono wako, Masalu, Masalu, tangu ukiwa kijana mpaka ukiwa mzee. Watauliza ni nani aliyelikata.

Pumzika, mjomba, ukiweza kupumzika ndani ya gauni lile. Wakiuliza, wajibiwe kwamba alikuwa mpwa wake.

Mpwa wako,
Masumbwe